Wabeba pamba ya Simiyu nao walale pazuri

Godoro la kulalia garini huonekana anasa hadi siku dereva anaposinzia. Haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kulinunua

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kuanzia Mei, barabara za vumbi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hujaa malori. Huingia vijijini yakiwa matupu, hurudi yakiwa na pamba mbegu iliyoshindiliwa hadi juu ya mbao za bodi na kufungwa turubai. Kwenye jinari, yaani viwanda vya kuchambulia pamba, kuna foleni. Gari lililofika jioni linaweza kungoja mizani hadi kesho yake, na likishashusha tu, kuna ghala jingine la chama cha msingi cha wakulima (AMCOS) linalolisubiri. Kwa dereva na utingo wake, msimu una maana ambayo haionekani kwenye takwimu za mavuno: ni majuma ya kulala garini.

Wanalalia nini? Mmoja anajikunja kwenye viti vya lori aina ya Fuso, breki ya mkono ikimchoma ubavuni. Mwingine anajinyoosha kwenye bati la bodi, juu ya turubai lililokunjwa. Mwingine anatandika gunia uvunguni mwa gari, kwa kuwa huko kuna upepo. Alfajiri wanaamka viuno vimekaza na macho yamewiva, kisha mmoja wao anakamata usukani wa gari lenye tani kadhaa na kuingia barabara ileile wanayopita wanafunzi, ng'ombe na bodaboda.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Ni jambo la kusikitisha kwamba wanaobeba zao lenye kufaa kujazia magodoro ndio wanaolala juu ya chuma. Ninaamini godoro la garini ni kifaa cha usalama, na linastahili kuhesabiwa pamoja na tairi la akiba, jeki na pembetatu za tahadhari. Na kwa kuwa ni kifaa, lina namna yake ya kuchaguliwa.

Usingizi na usukani

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililo rahisi kueleweka. Waliwapima watu wepesi wa macho na mikono wakiwa wamekaa macho kwa saa nyingi, halafu wakawapima tena wakiwa wamekunywa pombe. Aliyekuwa macho kwa saa 17 alifanya kazi sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Alipofikisha saa 24, alilingana na mwenye asilimia 0.10. Trafiki wetu ana kifaa cha kupima pombe, lakini hana cha kupima usingizi. Kinga iliyobaki ni dereva kulala, na kulala vizuri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Saa hizo zinaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti maalumu. Hata hivyo, mapumziko ya kwenye karatasi hayarudishi nguvu mwilini. Mtu aliyelala saa nane akigeuka kila mara kwa maumivu ya nyonga hakupata usingizi wa saa nane. Na anayepeleka marobota ya nyuzi kutoka Bariadi hadi bandari ya Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake, yaani zaidi ya usiku mmoja njiani.

Baridi hutoka chini

Watu wengi wanaojiandaa kulala garini hufikiria blanketi kwanza. Blanketi ni muhimu, lakini baridi inayomsumbua mtu usiku wa Juni na Julai hutoka chini. Bariadi iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe lipo mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya kiangazi joto la usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 15. Bati la bodi hupoa upesi jua likizama. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao, hivyo mwili uliolala juu yake hunyonywa joto usiku kucha. Blanketi utakalolikunja na kulilalia halitakusaidia sana, kwa sababu uzito wako unaifukuza hewa iliyomo, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoroke.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: kitu hiki kitabaki na hewa kiasi gani nikishakilalia? Watengenezaji wa vifaa vya kambi hulijibu kwa kipimo kinachoitwa R. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo joto la mwili linavyochelewa kupotea. Mwaka 2018 uliwekwa utaratibu mmoja wa kimataifa wa kukipima, ili namba ya kampuni moja ilinganishwe kwa haki na ya nyingine. Kwa usiku wa Simiyu, R ya 2 inatosha kwa mtu mwenye blanketi. Jambo la kufurahisha ni kwamba namba hizi hujumlishwa: ukiweka mkeka wa sponji wenye R 2 juu ya mwingine kama huo, umepata 4. Asiye na fedha za kununua kitu kimoja kizuri anaweza kuanza na viwili vya bei ya chini.

Godoro lipimwe kwa mizani

Baada ya baridi huja ugumu. Mtu akilala chali, uzito wake husambaa mgongoni kote. Akilala ubavu, bega na nyonga hubeba karibu kila kitu, na hapo ndipo godoro jembamba hushindwa. Anayelala chali anaweza kuvumilia inchi mbili za sponji ngumu. Anayelala ubavu atafute inchi tatu au nne. Zaidi ya hapo, ndani ya gari, unapoteza nafasi ya kichwa na mahali pa kulihifadhi mchana.

Lakini unene peke yake hudanganya. Sponji mbili za inchi nne zinaweza kufanana kwa macho, moja ikadumu misimu mitano na nyingine ikawa bapa kabla msimu wa kwanza haujafungwa. Tofauti iko kwenye densiti, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo. Sponji dhaifu huwa na kilo 16 hadi 18. Kwa mtu mzima anayeilalia kila siku, tafuta kilo 28 hadi 30 au zaidi. Neno "hai densiti" lililoandikwa kwenye kitambaa cha nje halithibitishi lolote.

Hapa watu wa Simiyu wana faida, kwa sababu wanajua thamani ya mizani. Chukua godoro la futi mbili na nusu kwa sita, inchi nne. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.14. Kwa densiti ya 30, sponji yake itakuwa na uzito wa kilo nne na robo hivi. Kwa densiti ya 18, itakuwa kilo mbili na nusu hivi tu. Mwombe mwenye duka alipime mbele yako, uondoe uzito mdogo wa kitambaa, uone linaangukia wapi. Mkulima asiyekubali pamba yake ikadiriwe kwa macho asikubali godoro lake likadiriwe hivyo.

Kama mizani haipo, tumia goti. Liweke godoro sakafuni, piga goti moja katikati na uweke uzito wako wote hapo. Goti likigusa sakafu, nyonga yako itagusa bati. Kisha lala ubavu juu yake kwa dakika kumi hapohapo dukani, bila haya. Muuzaji anayejua kazi yake hatakuzuia.

Pamba, sufi au sponji?

Kabla ya sponji kuenea, pwani yetu ililala juu ya sufi, na bara ikalala juu ya ngozi, mikeka na magodoro ya pamba. Kila kimoja kina tabia yake. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani na utando wa nta nje, kwa hiyo hauvuti maji kwa urahisi, lakini huvunjikavunjika kwa kulaliwa na kugeuka vumbi. Pamba ni imara zaidi na inapitisha hewa, hivyo mwili hautoki jasho jingi juu yake. Udhaifu wake ni wa namna mbili: inavuta unyevu, na inashikana. Pamba iliyoloa haizuii baridi, na godoro la pamba lisiloanikwa na kupigwapigwa hugeuka mabonge. Pia ni zito, mara mbili au tatu ya sponji ya ukubwa uleule.

Sponji ya kisasa ni poliyurethani, kemikali iliyotokana na kazi ya Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Ni nyepesi, hukunjika, na hupatikana katika kila duka la magodoro kuanzia Bariadi mjini hadi Mwanhuzi. Ipo pia sponji ya namna nyingine, ile ngumu ya mikeka ya mazoezi, ambayo vijishimo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Hiyo hainywi maji kabisa. Haina starehe nyingi, lakini kwa utingo anayelala bodini ambako huenda kulimwagikiwa maji au dizeli, ni msingi mzuri wa kuweka chini ya kitu kingine laini.

Kama ningeulizwa na dereva mwenye kipato cha kawaida, ningemshauri achanganye: sponji ngumu ya inchi tatu chini, na juu yake kitandiko chembamba cha pamba kilichoshonwa miraba miraba ili nyuzi zisikimbilie upande mmoja. Sponji inabeba uzito, pamba inapokea jasho. Kitandiko kinatolewa na kuanikwa peke yake. Hii ni kazi ambayo fundi cherehani anaweza kuifanya kwa kitambaa cha marekani na pamba safi iliyonunuliwa kihalali jinarini, na ni biashara ambayo vijana wa Bariadi wangeweza kuishika kabla ya wengine.

Neno moja kwa wanaojilaza juu ya lundo la pamba ya wakulima, ghalani au bodini. Najua ni laini na ni la joto. Lakini nywele, nyuzi za nguo na za magunia ya plastiki zikiingia kwenye pamba hazitoki kirahisi kwenye mashine, hutokeza kwenye uzi na kitambaa, na bei ya pamba ya nchi nzima huumia. Wakulima wameambiwa kwa miaka mingi wachume na kubeba pamba kwa vyombo safi. Ni haki nasi tunaoisafirisha tuwatunzie usafi huo.

Magodoro ya upepo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Seattle nchini Marekani, wahandisi waliopoteza kazi katika kiwanda cha ndege cha Boeing walibuni pamoja na mwenzao mpanda milima godoro la kambi lenye sponji ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Ukifungua vali, sponji hutanuka na kuvuta hewa yenyewe. Ukilikunja na kufunga vali, linakuwa dogo. Kampuni yao, Cascade Designs, iliuza godoro hilo kwa jina la Therm-a-Rest, na wazo hilo sasa limeigwa dunia nzima. Kwa kulala ndani ya gari ni chaguo zuri sana: linachukua nafasi ndogo na linazuia baridi.

Usilichanganye na godoro la upepo tupu linalojazwa kwa pampu. Hilo lina starehe usiku wa kwanza, lakini hewa iliyo ndani huzunguka huru, ikilichukua joto la mwili na kulishusha chini. Usiku wa baridi utaamka umekakamaa hata kama limejaa. Aidha, Simiyu ni nchi ya migunga. Mwiba ulionasa kwenye soli ya ndala unatosha kulimaliza. Anayelinunua awe na viraka na gundi ya aina inayolifaa, kwa kuwa viraka vya baiskeli mara nyingi havishiki kwenye plastiki. Na asiliache limejaa ndani ya gari lililofungwa juani: hewa hutanuka, mishono hufumuka.

Sawazisha kwanza

Hakuna godoro linaloponya sakafu yenye mashimo. Malori makubwa ya masafa huwa na kitanda nyuma ya viti, lakini Fuso nyingi zinazozunguka vijijini hazina. Dawa yake ni ubao: kipande cha plaiwudi nene kilichokatwa kwa vipimo vya kabini, kikikalia viti na kuziba pengo la katikati, kikiegemezwa vizuri pale penye breki. Mchana kinasimamishwa nyuma ya viti. Fanya vivyo hivyo kwa gari dogo kama Noah: ukilaza viti vya nyuma utabaki na matuta, basi jaza mabonde kwa nguo au tengeneza jukwaa dogo la mbao, mizigo ikae chini yake. Pima urefu wako mwenyewe na upana wa mabega kabla hujakata chochote. Na ukiegesha, tafuta sehemu tambarare. Kama mteremko hauepukiki, kichwa kiwe upande wa juu.

Vumbi, kunguni na mbu

Vumbi la kiangazi la Simiyu huingia kila mahali, kwa hiyo foronya ya godoro iwe na zipu na ifuliwe. Kitambaa kizito cha pamba kinafaa kuliko nailoni, ambayo hukutoa jasho. Kagua mishono mara kwa mara kwa tochi, kwa sababu gari linaloegeshwa penye watu wengi hubeba kunguni kutoka wilaya moja hadi nyingine. Kunguni hufa joto likifika nyuzi 50 hivi, lakini jua la uani halipenyi hadi katikati ya godoro nene. Foronya na kitandiko vichemshwe, sponji ifungwe kwenye plastiki nyeusi na kugeuzwageuzwa juani siku kadhaa.

Mbu aenezaye malaria huuma usiku, saa zilezile ambazo dereva amefungua kioo apate hewa. Kitambaa cha chandarua kilichoshonwa kama mfuko huvalishwa mlango kutoka juu, ukaufunga, kioo kikabaki wazi na mbu wakabaki nje. Anayelala bodini afunge kamba kutoka mbao hadi mbao na kutundika chandarua chenye dawa, ncha zake zikakandamizwe chini ya godoro. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na godoro lenye uzito wa kutosha.

Wasafiri wa kwenda mbugani

Mambo haya hayawahusu madereva wa malori peke yao. Wafanyabiashara waliofika Nyakabindi mkoani Simiyu wakati maonesho ya Nane Nane yalipofanyika huko walijua shida ya kulala na mzigo. Na tangu lami ilipounganisha Bariadi na Lamadi, familia yenye gari inaweza kufika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti bila kuzunguka mbali. Wapo wanaotamani kulala kambini badala ya hotelini, na ni jambo jema Watanzania tuione nchi yetu. Ndani ya hifadhi utalala kwenye kambi zilizotengwa tu. Ukiendelea hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ni ya aina nyingine kabisa. Huko R ya 2 haitoshi. Beba kitu chenye R 4, au godoro lako la sponji la inchi nne ambalo linatosha na kuzidi.

Mambo ambayo hayana mjadala

Usilale uvunguni mwa gari, hata kama limezimwa na kuwekewa vigingi. Anayekuja kuliwasha hakuoni. Usilale na injini ikiunguruma madirisha yamefungwa, wala na jiko la mkaa ndani ya kabini: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Usivute sigara wala kuwasha dawa ya mbu ya moshi juu ya godoro, zaidi sana likiwa juu ya pamba. Sponji na pamba zote hushika moto upesi, na moshi wa sponji ni sumu.

Nani anunue?

Kwa kawaida godoro huachiwa dereva mwenyewe, na utingo huachiwa gunia. Hilo si haki. Mwenye gari hanung'uniki kununua tairi, kwa sababu anajua tairi bovu humpotezea mzigo. Dereva aliyelala vibaya humpotezea mzigo, gari na uhai wa watu. Gharama ya sponji mbili nzuri, ubao na chandarua ni ndogo mno ikilinganishwa na kisa kimoja cha gari lililopinduka kwenye mtaro.

Vyama vya msingi na wanunuzi wanaokodi malori kila msimu wana nguvu ya kubadilisha jambo hili pasipo kusubiri sheria mpya. Waandike kwenye mkataba wa usafirishaji kwamba gari liwe na mahali pa kulala watu wawili, pakaguliwe siku ileile zinapokaguliwa breki na taa. Jinari zitenge eneo tambarare lenye kivuli, choo na maji kwa walio kwenye foleni. Nao madereva wasione haya kudai. Mei ikija, kabla turubai halijafungwa kwenye mzigo wa kwanza, utingo na dereva wote wawili wawe na godoro lililopimwa kwa mizani.